Mashine iliyofukizwa udi kila Alhamisi

Saa kumi alasiri, siku ya Alhamisi. Mastura Abdulghani amepiga magoti juu ya paa bapa la sakafu la nyumba kongwe mjini Pangani, mswaki mkononi, anasugua tundu dogo lililo chini ya boksi jeupe. Buibui amejijengea humo tangu wiki iliyopita. Mastura anamtoa kwa ustaarabu, anamweka ukutani, kisha anaendelea kusugua.

"Hana kosa," anasema bila kugeuka. "Ameona mlango, ameingia. Lakini akikaa hapa namba zangu zinaharibika."

Boksi lenyewe halizidi ukubwa wa tofali. Limefungwa kwenye bomba la chuma, lina waya wa umeme, na ndani yake mna laini ya simu kama hizi tunazotumia sote. Kazi yake ni kuvuta hewa na kuhesabu chembe za moshi na vumbi zilizomo, zile ndogo mno zinazoingia kifuani bila mtu kukohoa. Kila baada ya dakika chache linatuma hesabu hiyo kwenye simu ya Mastura, popote alipo, na yeye anaiona kama mstari unaopanda na kushuka.

Kutoka uani, sauti ya mwanamke mtu mzima inapanda ngazi kabla ya mwenyewe.

"Mastura! Hujamaliza tu? Chai inapoa."

"Bado kidogo, bibi."

"Na hao wageni wako wa gazeti, wanakula vileja?"

Mastura anatutazama. Wageni wa gazeti, kwa taarifa ya msomaji, wanakula vileja.

Mwenye sauti hiyo ni Bi. Harusi Sleyum, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye nyumba. Babu zake walitoka Oman wakaja kununua mashamba ya minazi, na nyumba hii ya ghorofa moja ni katika vilivyobaki. Alikubali boksi la Mastura lifungwe juu ya paa lake bila kudai senti. Baadaye kidogo tutaona jinsi ukarimu wake ulivyokaribia kumharibia binti huyu maisha, na jinsi binti mwenyewe alivyokaribia kuharibu ya mtu mwingine.

Mastura ana umri wa miaka ishirini na minane. Ukiuliza kazi yake vijiweni utaambiwa "anapima upepo", na msemaji atacheka kidogo, maana upepo wa Pangani haujawahi kupungua wala kuuzwa kwa kilo. Jina rasmi ni mwanasayansi chipukizi wa angahewa. Yeye mwenyewe akiulizwa na mabibi harusini hujibu kwa mkato: "Napima hewa tunayovuta."

Alizaliwa Mwera, ng'ambo ya mto, mtoto wa pili wa Bi. Tausi, mkulima wa mihogo. Baba yake, marehemu Abdulghani, alikuwa mkaushaji wa mbata. Kwa wasiojua, nazi zikishapasuliwa hutandazwa juu ya tanuri, moto wa vifuu ukawashwa chini, na mtu hukaa hapo kuzigeuza mpaka zikauke. Abdulghani alikaa hapo tangu ujana. Alifariki Mastura akiwa kidato cha pili.

"Tuliambiwa ni kifua," anasema. "Kifua cha nini? Hakuna aliyejua. Nilikuwa mtoto, lakini lile jibu sikulipenda. Nililiona ni jibu la watu waliochoka."

Akasoma. Alipata shahada ya elimu ya hali ya hewa, akarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha, na bahasha ikakaa kabatini miaka miwili. Ajira hazikuja. Alifundisha hesabu na fizikia kwa wanafunzi wa kidato cha nne kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba ya mama yake, kila mwanafunzi akilipa shilingi elfu tatu kwa wiki, anayekumbuka kulipa.

Tangazo lilimfikia kupitia kundi la simu la waliosoma pamoja. Taasisi moja ya nje ilikuwa inatafuta vijana wanaoishi pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya programu ya ufadhili na mafunzo ya sayansi ya angahewa. Anayechaguliwa angepewa posho ya laki nne kwa mwezi, mwalimu wa kumlea, madarasa ya kila wiki kwa njia ya mtandao, na kifaa kimoja cha kufunga kwao, apime hewa ya kwao kwa mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka, miongoni mwa vijana wa Tanzania, mmoja tu angevuka hatua ya pili. Huyo angekwenda kujifunza miaka miwili katika maabara kubwa ughaibuni. Na jambo lililomkaa Mastura moyoni kuliko safari ni hili: anayevuka, kifaa chake kinabaki alikokifunga, tena kinaongezewa vingine, na akirudi anaendesha kituo cha kudumu. Asiyevuka, kifaa kinafunguliwa kinapelekwa kwingine.

"Nilijiambia, hiki hakitoki Pangani," anasema. "Kikitoka, hakirudi tena. Na watu wataendelea kuambiwa ni kifua."

Alichaguliwa.

Watu wengi wanadhani kazi ya sayansi ni kukaa na kompyuta. Miezi ya kwanza ya Mastura ilikuwa ya kutafuta paa. Boksi lilihitaji mahali pa juu, penye umeme wa uhakika, mbali na jiko, na penye mtu wa kuaminika. Alizunguka mji mzima. Mmoja alihofia kuongezewa kodi ya jengo. Mwingine alidhani ni kamera. Bi. Harusi peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Hicho kinafanya nini?"

"Kinavuta hewa, bibi, kama mtu anavyovuta pumzi. Kisha kinanieleza hewa hiyo ni safi au chafu."

Bi. Harusi akafikiri. "Basi na kipande juu. Nyumba hii haijawahi kumfukuza mwenye kuvuta pumzi."

Boksi likafungwa. Siku ikapita, wiki ikapita, namba zikaanza kuingia. Mastura alikuwa akivuka mto kwa kivuko kila Jumamosi asubuhi, anapanda ghorofani, anasafisha tundu, anakunywa chai, anarudi Mwera kufundisha. Jioni anakaa na simu yake na kujifunza kusoma mstari. Asubuhi mstari ulipanda kidogo watu walipowasha kuni na mkaa. Mvua ikinyesha ulilala. Hayo yote aliyatarajia.

Ambalo hakulitarajia ni Alhamisi. Kila Alhamisi jioni, kabla ya magharibi, mstari uliruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Haukupanda polepole. Uliruka, ukakaa juu kitambo, ukashuka. Siku nyingine za wiki, kimya.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mzee Safari.

Mzee Safari anachoma chokaa katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto, upande wa kusini wa mji. Tanuri lake ni la kuni na mawe, lile la kienyeji, na familia yake yote inalitegemea. Kwa desturi yake hupanga mawe na kuni tangu Jumatatu, akawasha moto Alhamisi baada ya adhuhuri, ili Ijumaa tanuri liwe linapoa na yeye yuko msikitini. Miezi ile upepo ulikuwa wa kusi, unatoka upande wake kuja mjini. Siku ni ile ile, saa zinakaribiana, upepo unaelekea huko huko.

"Ningekuwa nimepanga mwenyewe nisingepanga vizuri hivyo," anasema Mastura. Anacheka, halafu anaacha kucheka. "Ukweli ni kwamba nilitaka iwe tanuri. Baba yangu alikufa kwa tanuri. Nilipouona ule mstari, sikuuliza mara mbili."

Aliandika ripoti ya kwanza. Taasisi ikaisifu. Katika madarasa ya mtandao mstari wake ulioneshwa kwa wenzake kama mfano wa kazi safi. Na kwa kuwa programu iliwataka vijana wawapelekee wananchi matokeo yao, Mastura aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji kile cha Mzee Safari, akasimama mbele ya watu na karatasi yake kubwa, akawaonesha Alhamisi.

Hakumtaja mtu. Lakini pale kijijini tanuri ni moja. Uongozi ukaamua moto usimamishwe mpaka utaalamu useme vinginevyo. Mzee Safari hakubisha. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani.

Alhamisi iliyofuata Mastura alikaa na simu barazani kwao Mwera, anasubiri kuona mstari ukilala. Ukaruka vile vile.

"Kwanza nikasema wanamdanganya mtendaji wa kijiji, wanachoma kwa siri. Nilikasirika, wallahi. Alhamisi ya pili nikaondoka mapema nikaenda mwenyewe mpaka tanurini, saa zile zile. Nikachungulia ndani. Nikakuta kuku anaatamia."

Tanuri lilikuwa baridi. Kuku alimtazama kwa jicho moja. Na Mastura, amesimama pale, akafungua simu, akaona mstari wa Pangani unapanda.

Aliyemfumbua macho hakuwa profesa wala mtu wa Pangani. Alikuwa Devota, mwenzake wa programu ile ile, binti wa Njombe aliyehamia Bagamoyo na kukifunga kifaa chake huko. Mastura alimpigia simu usiku huo akamwambia yuko taabani. Devota akaja Jumamosi, wakapanda pamoja kwa Bi. Harusi kukagua boksi, pengine limeharibika.

Hawakufika hata ngazi ya tatu. Devota alisimama, akapiga chafya, akauliza, "Mastura, humu ndani kunachomwa nini?"

"Hakuna kinachochomwa."

"Kuna kitu. Pazia linanuka, ukuta unanuka. Wewe husikii?"

Mastura anatusimulia hayo akiwa ameketi sasa kwenye jamvi, kikombe mkononi, na aibu yake haijaisha. "Sikusikia kitu. Nilinusa nyumba tu. Kwangu mimi ile ndiyo harufu ya nyumba. Kwetu Mwera inanukia hivyo, kwa shangazi inanukia hivyo, harusini, msibani. Miezi yote ile nimepanda ngazi hizi, udi umejaa kila pembe, pua yangu inaona ni hewa ya kawaida. Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa hata sijui kama ninalo."

Wakamuuliza mwenye nyumba. Bi. Harusi hakuwa na la kuficha, kwani alijua anatenda wema.

Alhamisi jioni, kuukaribisha usiku wa Ijumaa, nyumba hii hufukizwa. Ndivyo alivyomkuta mama yake anafanya, naye mama yake vivyo hivyo. Bi. Harusi huweka makaa kwenye chetezo, juu yake udi na ubani kidogo, akaanza chumba kwa chumba, kitanda, kabati, mashine ya kushonea, na kila kipya kilichoingia nyumbani. Humalizia juu ya paa. Na huko juu alikuwa akikiweka chetezo chini ya boksi, barabara chini ya tundu lake, akaketi kwenye kigoda akavuta tasbihi mpaka makaa yazimike.

"Mwenyewe kaniambia kinavuta pumzi," Bi. Harusi anatueleza, na mpaka leo anaona hoja yake ni nzito. "Kitu kiko kwangu, kinavuta pumzi usiku na mchana, juani, mvuani. Wiki nzima kinavuta moshi wa vibanda vya samaki. Nami nikiache hata Alhamisi? Ningekuwa mtu gani?"

Tulijaribu kutocheka. Tukashindwa.

Lakini siku ile Mastura hakucheka. Mkutano wa jopo la kuchagua atakayevuka ulikuwa wiki iliyofuata, Dar es Salaam. Ripoti yake ilikwishatumwa, mstari wa Alhamisi uko ukurasa wa kwanza.

Njia rahisi ilikuwepo, na hatufichi kwamba aliiona. Angeweza kuzifuta Alhamisi zote na kuandika maneno mawili, "hitilafu ya kifaa". Vifaa hupata hitilafu kila siku, hakuna ambaye angeuliza. Aliamini zilizobaki zingetosha kumvusha. Na tanuri? Hapo ndipo akili yake ilipokuwa inakwama. Kijijini hawasomi ripoti za jopo. Kijijini walichokuwa nacho ni neno lake.

"Nilikwenda kwa mama nikamweleza kila kitu. Nilitegemea anihurumie."

Bi. Tausi, mama yake, tulimkuta Mwera anamenya mihogo. Alithibitisha kwamba hakumhurumia.

"Nilimwambia, ulimi hauna mfupa, lakini mwenye ulimi anao," alisema, bila kuacha kumenya. "Ulisema mbele za watu. Basi kakanushe mbele za watu. Hilo halihitaji cheti."

Mastura akaomba mkutano mwingine wa kijiji. Akasimama pale pale, karatasi ile ile, akasema alikosea. Akaeleza udi. Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na kina mama wakawa wanamuuliza kama mashine imepata mchumba. Akavumilia. Alisema pia ambalo lilikuwa kweli bado, kwamba tanuri lina moshi wake, hajui ni kiasi gani kinafika mjini, na kwamba kutojua kwake hakumpi haki ya kulifunga.

Mzee Safari hakucheka. Mkutano ulipoisha alimsubiri pembeni. Tulipomtembelea wiki hii alitusimulia mwenyewe alichomwambia, huku anapanga mawe kwa ajili ya moto wa Alhamisi.

"Nilimwambia, mwanangu, nisingekulaumu kwa kunifungia kazi. Kazi ni riziki, riziki ina mwenyewe. Lakini mimi nilikuamini. Mjukuu wangu Shadya alikuwa na kikohozi mwaka ule. Ulivyosema wewe, msomi, na karatasi, nikakaa nikawaza: kumbe ni mimi. Nilikuwa silali. Nilimwambia bibi yake, huyu mtoto namuua mimi kwa mikono yangu."

Tulimuuliza Mastura alijibu nini.

"Nililia. Mtu yule nilimpa jibu baya kuliko lile walilotupa sisi kwa baba. Sisi tuliambiwa ni kifua, basi. Yeye nilimwambia ni wewe."

Kwa mwandishi wa makala haya, hapo ndipo kazi ya mwanasayansi huyu ilipoanza hasa. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi hodari.

Dar es Salaam alisimama mbele ya jopo akaanza na kosa. Picha ya kwanza aliyoionesha ilikuwa ya chetezo. Mjumbe mmoja alidhani amefungua faili lisilo lake. Alipomaliza yakaja maswali, tena mazito.

Hakuvuka. Tuliseme wazi, kwani hadithi za namna hii zina tabia ya kumzawadia mkweli papo hapo. Jopo lilimpongeza, likasema mwaka wake hauna data za kutosha, likampa Devota nafasi. Mastura akaruhusiwa kurudia mwaka mmoja, boksi libaki mahali pake kwa mwaka huo, ila posho hakuna.

Devota yuko ughaibuni sasa. Tulimpata kwa simu, na alisema jambo ambalo si kila mtu angelisema. "Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilifurahi nusu. Nafasi yangu ilitoka kwenye pua yangu, na pua niliipeleka kwake kama rafiki. Kila nikijifunza kitu kipya huku, namtumia jioni hiyo hiyo. Akija, atakuta ameshasoma nusu ya niliyoyasoma."

Mlezi wa Mastura katika programu ni Dokta Anjela, mtafiti wa miaka mingi. Yeye ana mtazamo wake kuhusu kisa kile, na tangu atuambie hatujaacha kuufikiria.

"Wengi walisema, si mnaona, ndiyo maana wapimaji watoke nje, wanaona yasiyoonwa na wenyeji. Ni kweli, mgeni angenusa udi siku ya kwanza. Lakini mgeni nani angekubaliwa kupanda juu ya paa la yule mama? Na angekosea, nani angemrudisha kijijini kukanusha? Angekuwa ameshapanda ndege. Tunafundisha vijana kulinganisha vifaa, kusafisha data, kuandika. Kurudi kijijini hatukumfundisha sisi."

Mwaka huu wa pili Mastura ameuendesha kwa mfuko wake mwenyewe, yaani kwa elfu tatu tatu za masomo ya jioni. Programu imemwazima maboksi mawili zaidi. Moja liko Mwera, kwenye banda la kufundishia, na wanafunzi wake wa fizikia ndio wanaolisafisha tundu. Jingine liko kwa Mzee Safari, limefungwa kwenye nguzo hatua chache kutoka tanurini, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka.

"Kama ni mimi, nijue kiasi changu," alituambia. "Kama si mimi, nilale."

Tangu uongozi uliporuhusu moto tena, tanuri limewashwa mwaka mzima kama kawaida na maboksi matatu yamepima. Mastura hataki kutuambia matokeo kabla ya jopo, na safari hii hata mtendaji wa kijiji hajamwambia. Alichokubali kusema ni kwamba miezi ya kusi moshi wa tanuri unafika mjini, ila kidogo kuliko alivyodhani, na kwamba ukiinua kidogo mlango wa tanuri lile na kukausha kuni kabla, unapungua. Mzee Safari ameshaanza kuzikausha kuni bila kusubiri ripoti.

Kuhusu udi, ana mpango ambao anausema kwa sauti ya chini, akitazama kama Bi. Harusi yuko karibu. Akivuka, anataka kupima hewa ya ndani ya nyumba za pwani, vyumbani, jikoni, na siku za kufukiza pia. Sio kukataza. "Nani atamkataza Bi. Harusi? Wewe?" anatuuliza. Hatukujitolea. "Nataka kujua tu. Pengine dirisha moja likifunguliwa inatosha. Lakini nipime kwanza ndipo niseme. Hilo nimeshalisoma kwa gharama."

Jopo linakaa Jumatatu. Asipovuka, fundi atakuja na bisibisi na boksi litashuka paani. Ameshapewa barua ya fundi huyo, amemwonesha Bi. Harusi. Bi. Harusi alisema fundi huyo atakaribishwa chai, na ngazi ya kupandia haitaonekana.

Jua linaelekea kuzama tunapokusanya vikombe. Ni Alhamisi, na nyumba ina kazi yake. Bi. Harusi ametoka jikoni na chetezo, makaa yamekolea, kipande cha udi kinaanza kufuka. Anapita chumba kwa chumba kama siku zote, anasoma chini kwa chini. Kitanda, kabati, mashine ya kushonea. Anafika kwenye ngazi ya kwenda juu, anasimama. Mlango wa paa umefungwa na chini yake pamezibwa kwa kanga iliyokunjwa. Mwaka mzima, kila Alhamisi, ameishia hapo.

"Kinaninunia, najua," anasema, akitazama juu. "Nimekizoesha, kisha nimekikatia."

Halafu anageuka, anamwita Mastura. Baibui jipya ambalo Mastura atalivaa Jumatatu mbele ya jopo limetandazwa juu ya tenga lililofudikizwa, na Bi. Harusi anasukuma chetezo chini yake. Moshi unapenya kwenye nguo taratibu. Kisha anakichukua tena, anamwambia Mastura anyooshe mikono, anaanza kumzungushia.

"Mashine nimeinyima mwaka mzima kwa ajili yako," anamwambia. "Wewe sikunyimi."

Mastura amesimama katikati ya chumba, mikono kaitandaza, macho yanamtoka machozi na hatusemi ni kwa moshi. Katika kiganja kimoja ameshika simu. Anaitupia jicho. Ni saa ile ile ya Alhamisi, na mstari wa juu ya paa umelala.

"Kimetulia?" anauliza Bi. Harusi.

"Kimetulia, bibi."

"Alhamdulillahi. Haya geuka, na mgongo nao upate."